Gobore la maonyesho: kulaza mtutu kwenye mti wa mringaringa

Siku ya 1

Kabla sijaenda mbali niseme wazi, hili gobore halipigi na halitakaa lipige. Mtutu ni shafti, chuma kizima hakina tundu, mdomoni tu kimetobolewa kina cha sentimita 2 na kupakwa rangi nyeusi ili mtu akiangalia kwa mbele aone kama tundu. Kutengeneza silaha bila leseni ni kosa, Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 ipo, na mi sina hamu ya kutengeneza silaha. Baba mdogo alienda mwenyewe kituoni na barua na mchoro, akaeleza ni kitu cha kuonyeshea, tulipokubaliwa ndo nikashika msumeno.

Sababu yenyewe ni hii. Baba mdogo ana chumba kimoja nyumbani Old Moshi, huku mlimani Kilimanjaro, ameanza kukusanya vitu vya wazee, vibuyu vya mbege, mkuki, ngao ya ngozi, na watoto wa shule wanapita kuangalia. Anasema watoto wanajua Mangi Meli, mtawala wa Wachagga wa hapa, aliwashinda Wajerumani 1892 na wanajua alinyongwa 1900, lakini ukiwauliza watu wa mlimani walikuwa wanashika nini mkononi wanakwambia mikuki tu. Kumbe magobore yalishapanda huku kitambo na misafara ya pembe za ndovu iliyotoka pwani, enzi za Mangi Rindi baba yake Meli tayari yapo. Kwa hiyo anataka mtoto alishike, asikie uzito, aelewe kwamba baruti na risasi vilikuwa vinaingilia mdomoni vinashindiliwa na mdeki, ule ufito mrefu, na moto unatoka kwenye jiwe la gumegume au kwa yale ya baadae kwenye fataki.

Mbao ya mti wa gobore, yani ule mwili wa mbao unaobeba mtutu, ni ya mringaringa ulioanguka na upepo kwenye kihamba cha babu, shamba lake la migomba, miaka miwili na zaidi sasa. Mti huohuo babu alikuwa anatundika mizinga ya nyuki. Tulipasua kwa cheni soo, mbao zikapangwa juu ya dari ya jiko la mama mdogo zikakauka taratibu na moshi wa kuni, na ni vizuri tulingoja maana mbao ya inchi 2 haikauki kwa miezi, hesabu ya mafundi ni mwaka kwa kila inchi. Katika mbao zote moja tu ndo safi haina fundo wala ufa na nyuzi zake zinapinda kidogo kule mwisho, hiyo ndo nimeichagua kwa ajili ya shingo. Shingo ya bunduki ndo inavunjika siku zote, pale mkono unaposhika nyuma ya mtambo wa kufyatulia, nyuzi zikikatwa hapo kwa mshazari ukiliangusha mara moja una vipande viwili. Maana yake pia ni kwamba mbao hii nikiiharibu sina nyingine.

Siku ya 2

Leo nilikuwa kwa fundi leithi, ile mashine ya kuzungusha chuma na kukichonga, hapa Majengo. Nilimpelekea shafti ya milimita 30 urefu sentimita 90, nataka nyuma ibaki 30 na mdomoni ifike 22, maana mitutu ya zamani haikuwa sawa kama bomba la maji, nyuma ambako baruti inawaka chuma kilikuwa kinene na kinapungua kwenda mbele. Fundi akaangalia akasema hiyo ndefu, itacheza. Na kweli ilianza kucheza, ikawa inalia na kuacha mawimbi kwenye chuma, mpaka alipoweka ile ya kuishikilia katikati. Ule mpunguo aliupata kwa kusogeza kichwa cha nyuma cha mashine milimita 4 pembeni, yani nusu ya zile 8 zinazopungua, chuma kikawa kinazunguka kwa mshazari mdogo huku kisu kinatembea moja kwa moja. Nilisimama pale masaa matatu sikuchoka kuangalia.

Nimeupima kwa mizani ya dukani, kilo 3.8. Ni mzito kuliko mtutu wa kweli wa unene huo kwa sababu hauna tundu. Baba mdogo anaona afadhali, mtu mwingine alitushauri bomba kwamba ni rahisi na jepesi, lakini bomba lina tundu, na ukishakuwa na tundu na mti wake umebakiza hatua chache uwe na kitu kinachoweza kuua. Hapana.

Siku ya 4

Jana kazi za watu, milango miwili na kitanda. Leo jioni nimepiga mistari.

Watu wengi wanaona kuchimba ndo kazi, mi naona mistari ndo kazi. Nimeiranda mbao upande wa juu mpaka ikawa bapa kabisa, nikapiga mstari wa katikati kwa uzi kutoka nyuma mpaka mbele, sio kwa rula kwa sababu rula yangu ndefu ina tumbo. Kutoka mstari wa katikati, nyuma kabisa nikapima milimita 15 kila upande, mdomoni milimita 11 kila upande, nikaunganisha kwa ncha ya kisu. Kisu na sio penseli. Penseli ina unene, ukiikata upande wa kulia na wa kushoto wa mstari tayari umeongeza karibu milimita nzima, na milimita nzima kwenye hii kazi ni shimo.

Afu mtutu unatakiwa ulale nusu yake ndani ya mti na nusu nje. Ukizama zaidi ya nusu, kuta za mti zinaanza kuukumbatia kwa juu na hautaingia bila kuzipasua. Ukizama chini ya nusu unaonekana umewekwa tu juu kama tofali. Kwa hiyo kina nyuma ni 15, mbele ni 11.

Siku ya 5

Dogo wangu wa kazini alisema bro si tukachimbe kwa rauta dakika kumi tu. Nikamweleza, rauta inachimba mfereji wa upana mmoja, na huu unapungua njia nzima, ukitumia kisu cha 22 mbele utabaki na kazi ileile nyuma, ukikosea hata kidogo rauta haikupi nafasi ya kusikia. Patasi unasikia. Mbao ikianza kuchanika mkono unajua kabla ya jicho.

Nimeanza na juba kutoa nyama ya katikati, nikaacha milimita 2 kila upande ndani ya mstari. Baada ya hapo patasi ya mviringo. Hiyo patasi nilipata kwa wahunzi wa kule Mamba miaka ya nyuma, imefuliwa kwa springi ya gari, naipenda kuliko za dukani zote maana inashika makali. Kila baada ya dakika kumi narudi kwenye jiwe, sifanyi uvivu hapo.

Mringaringa ni laini ukilinganisha na mkongo au loliondo, ila nyuzi zake zinageuka. Kuanzia nyuma mpaka kama sentimita 50 nachimba kuelekea mdomoni na inakubali vizuri, nikipita hapo patasi inaanza kuzama yenyewe inafuata nyuzi chini, inabidi nizunguke nichimbe kutoka upande wa pili. Nimeweka alama ya chaki pale zinapogeukia.

Siku ya 6

Mfereji umefika karibu na kina. Leo nilitumia kitu alichonifundisha mzee wangu wa useremala nilipokuwa najifunza kazi, Mungu ampumzishe. Unachukua sikwea, ile rula ya kona ya digrii 90, unaiingiza kwenye mfereji kona ikiangalia chini, mikono yake miwili iguse kingo mbili za mfereji, moja kushoto moja kulia. Kona ikigusa sakafu ya mfereji na kingo zikiguswa zote mbili kwa pamoja, hiyo ni nusu duara ya kweli. Ukiinamisha sikwea upande huu na upande ule kona lazima iendelee kugusa. Isipogusa umechimba sana hapo, na ikigusa kabla mikono haijafika kwenye kingo bado kuna nyama. Ni ile hesabu ya duara ya sekondari, pembe ya digrii 90 juu ya kipenyo, nilipokuwa shule sikuiona faida yake na leo nimeitumia kila sentimita 5 kwa urefu wote.

Siku ya 7

Sasa masizi.

Nimewasha kibatari, nikakiacha kitoe moshi, mtutu nikaupitisha juu ya ule moshi mpaka upande wa chini ukawa mweusi tii. Unaushusha kwenye mfereji bila kuuburuta, unaugonga kidogo na nyundo ya mti kwa juu, unautoa. Pale palipoguswa na chuma pameacha doa jeusi. Unakwangua madoa meusi peke yake, kidogo kama unakwangua ukoko wa wali usitoboe sufuria, unarudisha masizi, unalaza tena, unatoa, unakwangua.

Mara ya kwanza madoa yalikuwa matatu tu katika sentimita 90! Mtutu mzima umekaa kwenye vichwa vitatu vya mbao na kwingine kote hewa. Ukiangalia kwa juu unaona umeingia vizuri kabisa, ungeweza kupaka vanishi ukauza, na mtu asingejua mpaka siku mbao imepasuka kwa sababu uzito wote uko sehemu tatu. Hapa ndo nimeelewa kwa nini mzee alikuwa anasema jicho lina haraka.

Nilihesabu mpaka mara 40 nikaacha kuhesabu. Mikono, pua, shati, vyote vyeusi. Masizi yakikaa muda yanakuwa vumbi na kuchafua hata pasipoguswa, yanadanganya, kwa hiyo dada akaniletea lipstiki yake iliyoisha, nyekundu. Hiyo inabaki palepale ilipogusa na kwenye mringaringa ambao rangi yake ni ya hudhurungi nyepesi inaonekana vizuri, unapaka utando mwembamba unasambaza na kidole. Sa hivi natumia masizi kwa kuanzia na lipstiki kwa kumalizia.

Kitu kingine, mtutu ukianza kubana usiubenue na bisbisi upande mmoja. Utapasua ukuta. Funga kitambaa mbele na kitambaa nyuma, watu wawili mnyanyue kwa pamoja kwenda juu.

Siku ya 9

Leo sina furaha.

Nilikuwa nimebakiza kama milimita moja nyuma. Umeme ulikatika jioni nikaendelea na tochi ya simu, ndo kosa lenyewe, mwanga wa upande mmoja unaficha nyuzi. Ukuta wa kushoto, kama sentimita 20 kutoka nyuma, patasi ikazama ikafuata nyuzi na kung'oa kipande, urefu sentimita 7 na kina milimita 2, kwenye kingo ya juu kabisa ambako jicho la kila mtu litaenda. Nilikaa chini kwenye maranda nikakiangalia muda mrefu. Mbao ya babu, na hakuna nyingine.

Kile kipande chenyewe kilivunjika vipandevipande, hakirudishiki. Nimefunga karakana nimeenda nyumbani.

Siku ya 10

Asubuhi dogo alishauri unga wa mbao na gundi, tujaze tupige msasa. Kwa mlango wa choo sawa. Hapa hapana, ule mchanganyiko ukikauka unakuwa na rangi yake, na ukipaka mafuta unazidi kuonekana, na baada ya muda unadondoka kwa sababu hauna nyuzi za kushikana na mbao.

Nilichofanya, nimerudi kwenye masalia ya mbao ileile, nikatafuta kipande ambacho nyuzi zake zinalala kwa mshazari uleule na rangi ileile. Pale palipong'oka nimepasafisha mpaka pakawa bapa, miisho yote miwili nimeikata kwa mshazari mrefu sio kwa mraba, kwa sababu mstari unaokatiza nyuzi jicho linaukamata mara moja, mstari unaofuata nyuzi unapotea. Kipande nikakiranda kikakaa kikavu bila gundi, ndo nikatia gundi ya mbao. Kukibana nilitumia tyubu ya baiskeli niliyoikata mikanda, unazungusha huku unaivuta, inabana pande zote sawasawa na haiachi alama kama klampu. Nimeacha mpaka kesho kutwa, sigusi.

Siku ya 12

Nimefungua. Nikapunguza kwa patasi, lipstiki, nikapunguza tena. Ukijua kilipo unakiona, usipojua hukioni. Nimemwonyesha mama mmoja aliyeleta kiti chake kutengenezwa, nikamuuliza mama naomba uniambie hapa kuna kiraka wapi, akaonyesha sehemu nyingine kabisa.

Nikalaza mtutu mzima kwa mara ya kwanza bila kugonga, ukashuka kwa uzito wake, taratibu, hewa inatoka pembeni na ule mlio mdogo. Niligeuza mti chini juu nikiwa nimeinama juu ya godoro kama utadondoka. Haukudondoka. Hakuna pini, hakuna skrubu, mbao imeushika peke yake.

Siku ya 13

Mkia. Nyuma ya mtutu nimechomelea kile kipande bapa kinachorudi juu ya shingo na kupokea skrubu, urefu sentimita 6. Kabla ya kuuchimbia nimepiga tupa kingo zake ziwe na mlalo mdogo, juu pana chini nyembamba, hivyo unavyozidi kushuka unajibana wenyewe kwenye mbao.

Hapa kuna kitu watu wanakosea hata kwenye kazi ya kweli. Bunduki ikipiga, mtutu unarudi nyuma kwa nguvu. Nguvu hiyo lazima ipokelewe na uso wa nyuma wa mtutu, ile sehemu yake yote iliyozama iegemee mbao. Mkia ukitangulia kugusa mbao kwa mwisho wake, unakuwa kama patasi, unapasua shingo. Langu halipigi lakini nimelifanya hivyohivyo. Kwanza ndo ukweli wa kitu chenyewe, pili mtoto akilidondosha kwa kitako, kilo 3.8 zinashuka kwenye mbao kwa kishindo. Nimepaka lipstiki nyuma ya mtutu mpaka sehemu yote iliyozama ikaacha alama, na mwisho wa mkia nikauachia uwazi kama unene wa karatasi.

Siku ya 15

Pini tatu. Chini ya mtutu kuna vimasikio vitatu vya chuma, mbao nimeichimbia vishimo vyake, afu pini ya waya wa milimita 3 inapita kwa ubavu kupitia mbao na sikio. Tundu la kwenye sikio nimelirefusha kwa tupa likawa kama yai, kwa urefu wa mtutu. Mbao inavuta maji kipindi cha masika na kuyaachia kiangazi, chuma chenyewe hakijali, vikifungwa kwa tundu la mviringo kamili mmoja lazima ashindwe na atakayeshindwa ni mbao. Kutoboa nilitumia keekee ya mkono, kutoka pande zote mbili zikutane katikati, ili isitoke upande wa pili na kuchana.

Siku ya 16

Baba mdogo alishuka na hiace kutoka Old Moshi. Shikamoo baba mdogo, marahaba, hajakaa hata, ameenda moja kwa moja kwenye meza. Amelishika akalipima mikononi, akapitisha kidole gumba kwenye ule mstari ambapo chuma kinakutana na mbao, kutoka nyuma mpaka mdomoni, na kurudi kwa upande wa pili. Akasema babu yako alikuwa na la kwake la kufukuzia ngedere na nguruwe kwenye mahindi shamba la chini, serikali ilikuja kulichukua baba mdogo mwenyewe akiwa bado mtoto, anachokumbuka ni babu akimwambia jaribu kuingiza jani hapa, na jani halikuingia.

Akatoka nje kwenye uwanja wa jirani akachana jani kavu la mgomba, akarudi. Kale kanyuzi kembamba ka pembeni, ndo akawa anakasukuma kwenye ule mstari, sentimita kwa sentimita. Mi nimesimama sisemi kitu. Likajikunja bila kuingia, likajikunja, likajikunja. Kwenye kiraka likajikunja. Karibu na mdomo, upande wa kulia, likaingia. Upana wa vidole viwili.

Akasema, hapa baba.

Nikatoa pini, nikawasha kibatari. Yeye akakalia stuli akanishikia taa. Doa jeusi halikuwa pale jani lilipoingia, lilikuwa sentimita 10 nyuma yake, kichwa kidogo cha mbao kama punje ya mtama kinaunyanyua mtutu mzima na kuuacha mdomo wazi. Nilikikwangua mara mbili tu. Tukarudisha mtutu, akachukua lile jani lilelile.

Likajikunja.

Jumatatu naanza mfereji wa mdeki kwa chini. Kati yake na mtutu nabakiza milimita 4 za mbao, na hapo nachimba mchana tu.